Bluu ya Skarrow

Jumanne, 5 Aprili 1983

Mvua. Maji ya bwawa yamepanda hadi safu ya tatu ya mawe kutoka juu ya ukuta.

Posta imeleta ombi la Clive Mounsey. Chama cha historia cha Kirkwether kinataka kurasa sita kuhusu chaguzi za jimbo letu, tangu lilipoundwa mwaka 1885 hadi sasa tume ya mipaka ilipolifuta. Uchaguzi ujao tutapiga kura katika jimbo la Barnport Mashariki, pamoja na watu wa bandarini ambao hawajawahi kuona kondoo akizaa. Karibu miaka mia moja inazikwa kwa kurasa sita. Nimekubali. Nilifundisha historia maisha yangu yote ya kazi. Siwezi kumwachia Mounsey aiandike, maana Mounsey ndiye wakala wa Wahafidhina huku kwetu, na ana kipaji cha kusahau.

Ijumaa, 8 Aprili

Mvua. Kaka yangu Enoch amekataa miwani mipya. Anasema hii ya zamani inamtosha kabisa kwa kutoona.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimeanza na rangi, kwa sababu bila rangi hakuna atakayeelewa chochote.

Kwingine kote nchini Wahafidhina ni bluu. Kwetu Kirkwether, tangu enzi za babu zangu, Wahafidhina ni njano, rangi ya magari ya farasi ya akina Askerton, wenye ardhi. Bluu ni Waliberali, rangi ya soksi za wachungaji. Zamani karatasi ya kura haikuandikwa chama, jina la mgombea tu, na mtu wa bondeni hakuwa na haja ya kumjua mgombea, alitazama utepe. Watu walioana kwa rangi na kuzikwa kwa rangi. Mama alisusia siagi ya mwanamke mmoja wa sokoni miaka kumi kwa sababu aliifunga katika karatasi ya njano.

Nilimsomea Enoch aya hiyo. Kaka yangu ana miaka sabini na minne. Katikati ya macho yake pamezimika. Anaona kingo za vitu, anaona rangi, lakini herufi haoni, hata za kichwa cha gazeti.

"Umemsahau mbwa," akasema.

"Mbwa gani?"

"Wa mjomba Silas. Alimfundisha kubweka akiona njano. Si alimng'ata mhubiri mwenye skafu?"

"Hiyo siwezi kuiandika, Enoch."

"Basi unaandika historia ya nani, Mwalimu?"

Huniita Mwalimu akitaka kunichokoza. Mimi hupigia Leba, chama cha wafanyakazi, wekundu, ambao bondeni hawakuwa na mtu hata mmoja, kwa hiyo yeye hunihesabu kama mtu asiye na dini. Tuna mapatano ya siku nyingi: wakati wa uchaguzi dirisha la mbele ni lake, la jikoni ni langu.

Jumatano, 20 Aprili

Leo nimeandika 1929. Mkono unaniuma, na si kwa baridi.

Bonde letu, Skarrow, lilikuwa na kanisa, shule, nyumba zilizotawanyika kando ya mto, na sanduku lake la kura. Sanduku hilo lilivushwa kilima kwa mkokoteni na daima lilikuwa la mwisho kufika. Januari 1910 theluji ililizuia njiani, na Kirkwether ikalala siku mbili bila kumjua mbunge wake. Kila lilipofunguliwa lilikuwa bluu tupu. Makarani walitania kwamba hakuna haja ya kulihesabu, lipimwe uzito tu.

Mwaka 1929 mji mmoja wa viwanda ulikuwa unatafuta maji, na wapimaji walikuwa wameshapigilia vigingi vyao Skarrow, ili bonde lifanywe bwawa. Mgombea wa bluu alisema miji nayo lazima inywe. Mgombea wa njano, Sir Gervase Askerton, alivuka kilima kwa miguu, akapanda juu ya ukuta wa zizi letu, akasema, "Muswada wa bwawa ukiletwa bungeni, nitauzuia kwa mwili wangu." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilimsikia. Alikuwa na tope hadi magotini, nasi tulimpenda kwa tope lile.

Baba alitoa utepe wa bluu mlangoni. Ulikuwa wa mama, aliushona mwenyewe. Baba aliukunja, akautia katika sanduku la Biblia, na mama akaenda kulia jikoni. Bonde zima lilipiga njano, mara ya kwanza na ya mwisho. Sanduku letu ndilo lililompa Askerton kiti. Kura alizomzidi mwenzake zilikuwa chache kuliko zilizokuwa ndani yake.

Muswada uliletwa 1931. Bungeni wana desturi: mbunge wa upande huu na mbunge wa upande ule hupatana wote wawili wasifike, kura zao zikafutana, kila mmoja akaenda zake. Askerton alipatana hivyo. Siku ya kura alikuwa Scotland akivua samaki. Sisemi angeuzuia, ulipita kwa kura nyingi mno. Nasema hakuwepo. Baba alimaliza kusoma gazeti, akatoka, akakaa juu ya ule ukuta wa zizi mpaka mama akamfuata na koti.

Walitujengea Safu Mpya, nyumba kumi na mbili chini ya ukuta wa bwawa, wakatuhamishia hapa 1935. Nikiinua macho kutoka kwenye karatasi hii nauona ukuta. Enoch hakupiga kura 1929. Alikuwa na miaka ishirini, na sheria ilitaka ishirini na moja. Aliapa mbele ya baba kwamba mkono wake hautagusa njano, na haujagusa.

Jumapili, 24 Aprili

Mvua. Dolly Fothergill, jirani yetu, amepoteza wanakondoo wawili kwa baridi. Wa tatu yuko jikoni kwangu ndani ya boksi, ananusa historia ya jimbo.

Ijumaa, 29 Aprili

Mounsey amekuja mwenyewe na kurasa zangu. Amepiga mstari juu ya aya nzima ya 1931.

"Ni nafasi tu, Bi Raisbeck. Kurasa sita."

"Umeliacha bakuli la fedha ambalo Askerton alizawadiwa na wafuga farasi. Lina mistari minane."

"Bakuli bado lipo. Watu wanaweza kuliona."

"Na bwawa hawalioni?"

Akavua kofia, akaitikisa maji juu ya mkeka wangu. "Familia bado ipo, unajua. Mjukuu wake, wa binti, ndiye mgombea wetu jimbo jipya. Rupert Dacombe. Kijana mzuri. Hakuna haja ya kumtwisha mambo ya babu."

"Dacombe," nikasema. "Kwa jina hilo hakuna mtu Safu Mpya atakayemjua."

"Ndiyo uzuri wake," akasema Mounsey. Kisha akasikia alichosema, akakohoa, akaaga.

Nimeirudisha aya mahali pake kwa wino mweusi.

Jumatatu, 9 Mei

Mvua. Uchaguzi umetangazwa: tarehe 9 Juni. Maji yamefika safu ya pili ya mawe.

Ijumaa, 13 Mei

Nilishinda Kirkwether maktabani. Niliporudi, basi likiwa bado kwenye kona, niliona dirisha letu la mbele. Bango la bluu, kubwa kama meza ya chai. DACOMBE kwa herufi nene, na chini yake, kwa herufi nyembamba, Wahafidhina.

Enoch alikuwa kitini chini yake, amevaa koti la Jumapili.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Wamekuja wenyewe, Tamar! Gari zima la vijana. Bluu kila mahali, makoti, mapulizo, mpaka mbwa wao kafungwa utepe. Uchaguzi uliopita alikuja mzee mmoja na baiskeli, nikasema basi, tumekwisha. Kumbe!"

"Walisema wao ni chama gani?"

"Nilihitaji kuuliza? Rangi bado naiona, Bwana asifiwe." Akacheka mwenyewe. "Nikawaambia, nyumba hii haijawahi kuwa njano ila mara moja, na hiyo mara moja iko chini ya maji. Mgombea mwenyewe akanishika mkono. Mkono laini, lakini kashika vizuri. Akasema, 'Safi sana, mzee.'"

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Najua kilichotokea, nimekisoma gazetini. Jimbo jipya limekuja na amri mpya: makao makuu ya Wahafidhina yametaka rangi moja nchi nzima, kwa hiyo Mounsey amekunja njano yake na kupewa bluu. Waliberali nao wameungana na chama kingine kipya huko juu, na rangi yao mpya, Mungu anisamehe, ni njano. Rangi zimehama nyumba, na hakuna aliyemwambia kaka yangu. Mkono aliouapia kwa miaka hamsini umeshikwa na mjukuu wa Askerton, na Enoch anautazama kama umepakwa dhahabu.

Jumamosi, 14 Mei

Nilimwambia Dolly ukutani, kati ya ua wake na wetu.

"Muache, shoga," akasema. "Lini umemwona kavaa koti la Jumapili siku ya Ijumaa?"

"Dolly, yule ni mjukuu wa Askerton."

Akatua ndoo. "Askerton yule?"

"Yule yule."

"Laana imshukie." Akafikiri. "Na mimi wameniletea bango. Nimezibia banda la kuku." Akaiinua ndoo tena. "Hata hivyo muache. Moyo ule daktari kausemaje? Unataka umuue kwa ajili ya rangi?"

Dolly nilimjua shuleni, aliketi nyuma yangu, na siku zote nilimwona mwoga. Leo sijui kama ni mwoga au ana huruma, na sijui mimi nina nini.

Jumanne, 17 Mei

Waliberali wamefika, yaani amefika msichana mmoja kwa baiskeli, Alison Pickthall, wa chuo kikuu, kajaa njano kama ua la alizeti. Kabla sijafika mlangoni Enoch alikuwa ameshatoka na fimbo.

"Ondoka na njano yako! Baba yangu aliwaamini nyie!"

"Mzee, mimi ni Mliberali!"

"Na mimi ni Malkia wa Sheba! Toka!"

Nilimkuta getini akilia kwenye mvua, nikamwingiza kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kumdharau. Lakini alisema, akiwa na kikombe mikononi, "Niliwaambia. Niliwaambia kwa Kirkwether rangi hii haitafaa, huku wazee wanatazama utepe. Mkuu wangu akasema watu si watoto." Kisha akasema hawana hata watu wa kusimamia kuhesabiwa kwa kura zao. Je, kuna mtu hapa?

Mimi, Leba maisha yangu yote, nilikubali kabla chai haijapoa.

Alhamisi, 19 Mei

Nimekwenda ofisini kwa Mounsey. Sikukaa.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini? Hakuna aliyedanganya, Bi Raisbeck. Jina liko kwenye bango. Chama kiko kwenye bango."

"Herufi haoni, nawe unajua."

"Mimi siku hiyo sikuwepo."

"Najua hukuwepo. Sauti yako anaifahamu tangu ukivaa kaptura. Ndiyo maana hukuwepo."

Karibu na mlango palikuwa na boksi la tepe za njano za zamani, nyingine za hariri, zimetupwa ovyo. Aliona ninakotazama.

"Unadhani nimefurahi?" akasema. "Baba yangu alizikwa na njano kifuani. Mimi nimeletewa bluu kwa posta, nikaambiwa vaa."

Nilimhurumia, kweli nilimhurumia, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha akaongeza, "Na ni kura moja tu. Haitabadilisha kitu."

"Ndivyo alivyofikiri yule aliyekwenda kuvua samaki," nikasema, nikaubamiza mlango wake hivi kwamba kioo kililia. Nina miaka sabini na mmoja. Sijawahi kubamiza mlango wa mtu. Nitaubamiza tena.

Jumatatu, 23 Mei

Leo nilikusudia kumwambia. Nilianza: "Enoch, hawa bluu wa sasa..."

"Nilikuwa nafikiri," akanikata. "Utepe wa mama. Bado uko kwenye sanduku la Biblia?"

"Uko."

"Nitauvaa siku ya kura. Baba aliukunja, mimi nitaukunjua. Halafu nikifa, sawa."

Nilikwenda kuutoa. Ulikuwa na mikunjo ileile ya vidole vya baba. Nikaupiga pasi. Nimeupiga pasi utepe wa mama ili kaka yangu akaupeleke kwa mjukuu wa Askerton, na wakati wote huo Enoch alikuwa akiimba chumbani.

Jumamosi, 28 Mei

Mvua. Sikusema.

Jumanne, 31 Mei

Mvua. Sikusema. Maji yameanza kuruka ukuta. Safu nzima tunasikia ngurumo yake, hata tukifunga madirisha.

Ijumaa, 3 Juni

Dacombe amepita kwa miguu na wapiga picha. Mounsey hakuwemo. Nilitoka nimtazame machoni. Nilikuwa nimemchora akilini kama mbweha, na maneno nilikuwa nimeyapanga.

"Habari za asubuhi, mama! Mna bahati nyie," akasema, akionyesha juu. "Kuishi chini ya ziwa zuri namna hii."

Maneno yangu yote yalipotea. Hakukuwa na mbweha. Macho yake yalikuwa safi kama ya mtoto aliyeogeshwa. Hajui. Hakuna mtu kwao aliyewahi kuona haja ya kumwambia kwamba kuna watu waliishi pale. Nilidhani nitakuwa na nafuu nikigundua kwamba hakukusudia. Nimekasirika zaidi. Mwongo angalau angekuwa ametukumbuka.

Alipofika kwenye dirisha letu, alimpungia Enoch. Enoch aliona bluu ikipita, akasimama wima kama askari.

Jumanne, 7 Juni

Kijana wa Dacombe alileta habari kwamba Alhamisi gari litakuja kumchukua Enoch hadi kituoni. Enoch akaniambia, "Na wewe utakuwa mkono wangu. Wameniambia, asiyeona huingia na mtu wake."

Hiyo ndiyo sheria. Mtu wake huweka sahihi kwamba ataandika kile anachoambiwa, kisha anaandika. Alama ya Dacombe ingewekwa na mkono wangu mimi. Nilikaa jikoni na wazo hilo, na likaja la pili, tamu zaidi: ningeweza kuweka alama kwa Mliberali na kusema nimeweka kwa bluu. Ingekuwa kura aliyoitaka moyoni. Asingejua kamwe. Nililigeuza wazo hilo huku na huku mpaka nikaona linafanana na nani. Ni namna ya Mounsey.

Nikaenda chumbani.

"Zima redio, Enoch."

"Bei za kondoo bado..."

"Zima."

Nilimwambia yote, kwa mpangilio, kama darasani: amri ya rangi, njano ya Alison, Mounsey, jina. Hakunikata hata mara moja. Nje maji yalinguruma.

"Dacombe," akasema mwishowe.

"Mtoto wa Lettice Askerton."

"Nilimshika mkono." Akautazama mkono wake kwa pembeni, kama anavyotazama kila kitu siku hizi. "Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Dolly?"

"Anajua."

"Safu nzima?"

Nikalitazama bango dirishani.

"Karibu mwezi mzima mmeniacha nimekaa chini ya bango kama mbuzi wa maonyesho."

"Ulikuwa na furaha, Enoch."

"Furaha!" Akapiga mkono wa kiti kwa ngumi. "Askerton naye alitupa furaha! Alipanda ukutani kwetu akatupa furaha, baba akaimeza yote. Mimi sikuomba furaha, Tamar. Mtu anaomba kuambiwa!"

Moyo wake haukusimama. Daktari na Dolly wote wawili wamekosea. Alinyanyuka, akaenda dirishani, akalipapasa bango kwenye kingo zake. Nilidhani atalichana.

"Liache," akasema. "Libaki mpaka nijue la kufanya."

Hajanisemesha tena. Ana haki.

Alhamisi, 9 Juni

Mvua nyepesi. Gari lilikuja na mapulizo ya bluu. Enoch alikuwa mlangoni na koti la Jumapili, utepe wa mama kifuani.

"Twende, mzee wetu!" akasema dereva.

"Mwambie bwana wako nitakwenda kwa miguu," akasema Enoch, "kama babu yake alivyokuja kwetu."

Dereva akacheka, akidhani ni utani asioujua. Tukashuka barabara tumeshikana mikono, polepole, gari nyuma yetu, mpaka likachoka likapita. Dolly alitoka na aproni yake, akatufuata. Alikuwa kimya njia nzima, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Mlangoni mwa ukumbi wa kanisa alisimama Mounsey na ua la utepe mpya wa bluu kifuani, akichukua namba za waliopiga kura. Aliuona utepe wa Enoch na uso ukambadilika.

"Habari za asubuhi, Bw. Raisbeck."

"Clive. Nasikia umebadilisha nguo."

Mounsey akatazama karatasi zake.

"Hii yangu ilikunjwa 1929," akasema Enoch. "Yako ni ya lini?"

Ndani niliweka sahihi yangu, tukaingia kwenye kibanda cha mbao, wazee wawili wamebanana kama watoto waliojificha. Nikamsomea majina na vyama, kwa sauti ya chini.

"Yule msichana niliyemfukuza. Mtu wake bado ni njano?"

"Njano."

Akatikisa kichwa. "Siwezi."

"Enoch, ni rangi tu."

"Na wewe umeanza?" Aliniachia maneno hayo yanichome, kisha akasema, "Niandikie Skarrow."

"Hakuna mgombea anayeitwa Skarrow."

"Najua hakuna. Andika."

"Kura itaharibika. Miaka zaidi ya hamsini hujawahi kuharibu kura."

"Itasomwa?"

Hapo nikamwelewa. Kura iliyoharibika haitupwi tu. Msimamizi huiweka mezani, moja moja, na wagombea wote huonyeshwa kabla haijakataliwa.

"Itasomwa," nikasema.

"Na yeye ataonyeshwa?"

"Lazima aonyeshwe."

"Basi andika, Mwalimu. Kwa mwandiko wako ule wa ubaoni. Kubwa."

Niliandika kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya majina yao wote.

Ya kwangu niliyoandika, sitaiweka hapa.

Ijumaa, 10 Juni

Walihesabu leo asubuhi, ukumbi wa mji wa Barnport. Nilikaa upande wa Alison nikiwa na kijikaratasi changu cha ruhusa shingoni. Dacombe ameshinda kwa maelfu. Ilijulikana kabla ya chai. Jimbo la Kirkwether halikutajwa na mtu yeyote, masanduku yetu yalimwagwa pamoja na ya bandarini, na sikuweza tena kujua kura ipi ni ya nani.

Kisha msimamizi akawaita wagombea na mawakala kwenye meza ya kura zilizoharibika. Nilisogea na Alison. Tusi. Nyingine tusi. Mtu aliyempigia kila mmoja. Mtu aliyechora kuku. Walikuwa wakicheka, wamechoka na wamefurahi. Kisha mwandiko wangu.

"Skarrow?" akasema Dacombe, akiinama. "Huyu ni nani? Ni wa chama gani?"

Wakacheka tena. Msimamizi, mtu wa Barnport, alimgeukia Mounsey. "Ni mtu wa kwenu?"

Mounsey hakucheka. "Si mtu," akasema taratibu. "Ni mahali."

"Wapi?" akauliza Dacombe.

Mounsey akanitazama mimi ng'ambo ya meza, na niliona kwamba ananiomba nijibu kwa niaba yake. Ningeweza. Nina kurasa sita kichwani, na aya aliyoipiga mstari naikumbuka neno kwa neno. Watu wa njano, wa bluu, wa nyekundu, wote walikuwa wamesimama pale wakisubiri.

"Mwambie, Clive," nikasema.

Basi akamwambia. Msimamizi alikuwa amenyanyua muhuri, akaushikilia hewani. Mounsey alisema bonde lilikuwa wapi, nani alipanda ukutani, alisema nini akiwa juu ya ukuta ule, sanduku lilifanya nini, na siku ya muswada mtu huyo alikuwa wapi. Alisema vizuri, kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Kumbe alikuwa anakumbuka kila kitu. Uso wa Dacombe ulianza kuwa mwekundu kutoka shingoni.

"Sikuambiwa," akasema.

Msimamizi akagonga muhuri: imekataliwa.

Nimefika nyumbani jioni. Mvua imekatika, ukuta bado unanguruma. Enoch alikuwa ameketi kitini na utepe kifuani. Dirisha lilikuwa wazi, halina kitu. Banda la kuku la Dolly limepata paa la pili.

"Alionyeshwa?"

"Alionyeshwa."

"Akasemaje?"

"Aliuliza Skarrow ni nani."

Akaushika utepe kifuani.

"Na nani alimjibu? Wewe?"

"Mounsey."

"Mounsey! Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Ukumbi mzima ulisikia. Tangu ukutani hadi kwenye samaki."

Enoch alifungua pini, akautoa utepe, akaukunja kwa kupapasa mikunjo yake ya zamani, akanipa nikauweke.

"Basi washa redio," akasema. "Bei za kondoo."